Nishani ya Bwana Mwalimu

Mjukuu wangu, kila Aprili 30, Siku ya Taifa ya Elimu, nikiwaona walimu wa Kolwezi wakiandamana na mashati yaliyonyooshwa kwa pasi ya makaa, moyo hunirudisha 1979. Nchi iliitwa Zaire, na jimbo letu Shaba. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu vita ya Mei 1978, wakati askari wa Kifaransa waliposhuka kwa miavuli, na ukuta wa shule yetu kule Manika ulikuwa bado na matundu ya risasi. Upepo ukivuma kutoka Luilu ulileta ukali wa asidi ya kiwanda, ukichanganyika na moshi na harufu ya sombe jikoni mwa majirani.

Enzi hizo mtu alikuwa mtu akiwa wa Gécamines, kampuni ya migodi: alipata nyumba, hospitali, poso ya unga. Mwalimu wetu hakuwa na hata kimoja. Sarafu yetu, zaire, ambayo moja ilikuwa sawa na dola 2 ilipoanza 1967, ilikuwa imeporomoka, na mshahara wake, ulipofika, uliishia kwenye gunia la unga na mafungu machache ya kapenta. Soli ya kiatu chake aliifunga kwa waya wa shaba. Siku ya kuvikwa nishani, afisa alisoma jina lake refu la asili, lile la tangu majina ya Kizungu yalipopigwa marufuku 1972, nasi wanafunzi tukageuka kumtafuta mwenyewe, kwani kwetu alikuwa Bwana Mwalimu basi. Hapo nikamwona baba, mchimbaji wa Kamoto aliyekuwa akiwainukia mainjinia tu, akisimama na kofia mkononi. Wenzake wakasimama pia. Wapo wanaosema nishani hailiwi, na ni kweli, malimbikizo ya miezi mitatu hayakuja nayo. Mimi siidharau. Baba, aliyekuwa akisema nitoke shule nikatafute kazi, hakulitaja tena neno hilo.

Tuliporudi darasani Bwana Mwalimu alituachia nishani tuipitishe dawati kwa dawati. Mtoto mmoja akainusa, akasema, “Inanukia mikono ya baba.” Mwalimu akaipokea, akaifuta vumbi la chaki, akaiweka mezani. Kisha akafungua daftari, akaita majina yote, hata ya wale watatu ambao hawakurudi tangu vita, na kila alipofika kwa mmoja wao alinyamaza kidogo, akingoja.