Mlango wa Madebe

Banda la mbuzi la mama, pale nyumbani Bukiriro, wilayani Ngara, lina mlango wa madebe ya mafuta ya kula. Kaka yangu aliyapasua, akayanyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, kisha akayapigilia kwenye fremu ya mkaratusi. Ukisogea karibu bado unazisoma herufi tatu, USA, na unaiona mikono miwili inayoshikana. Kwingine kote kutu imeshakula. Mtu akiniuliza watu wa kwetu walishukaje mlimani wakahamia barabarani, huwa namwanzia kwenye mlango huo.

Kuondoka Bukiriro si jambo la juzi. Babu yangu alikwenda Buganda kwa miguu, kama Wahangaza wengi wa rika lake, kulima mashamba ya watu. Alirudi na baiskeli, akaoa, akapanda migomba ambayo machipukizi yake ndiyo tunayokula hadi leo. Mtu aliondoka ili apate cha kurudi nacho. Ngara Mjini penyewe tulikwenda kwa sababu: kesi, barua, au mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Murgwanza. Shughuli ikiisha, jioni hiyohiyo watu walishika njia ya kurudi.

Aprili 28, 1994, ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa darasa la tano. Daraja la Rusumo lilijaa watu, na kwa muda wa siku moja tu Wanyarwanda karibu 250,000 waliokimbia vita na mauaji kwao walivuka Mto Kagera kuingia kwetu. Wilaya nzima, wenyeji hatukufika hata 200,000. Baba alikwenda kutazama, akarudi baada ya siku mbili, akakaa kwenye kigoda, hakula. Alisema ameona kilima kizima kikitembea.

Walipelekwa Benaco, mahali palipobakiza jina la kampuni ya Waitaliano waliojenga barabara. Baadaye zikaja kambi nyingine: Musuhura, Lumasi, Kitali, Keza, na Lukole ya Warundi. Watu wakawa wanasema Benaco ndiyo mji wa pili nchini baada ya Dar es Salaam. Sisi watoto tuliamini, maana kulikuwa na vinyozi, mafundi cherehani, bucha na wapiga picha, vyote chini ya maturubai ya plastiki. Na walipozungumza tuliwaelewa. Kihangaza na Kinyarwanda vinasikilizana kama ndugu wa mama mmoja, hivyo mjini kule hatukuwa wageni kamwe. Nadhani jambo hilo lilituvuta kuliko fedha.

Fedha nazo zilikuwepo. Mkungu ambao zamani ungeivia shambani ukaliwa na ndege, sasa ulikuwa na mnunuzi. Mahindi ya njano ya mgawo yalipanda mlimani, ndizi zetu zikashuka. Wakimbizi walikuja kulima kibarua kwetu, na vijana wetu wakaenda kufanya kazi kwao. Kaka alipata ulinzi wa ghala la chakula. Mshahara wake wa kwanza baba aliuhesabu mara tatu. Mwalimu wetu wa hesabu naye aliacha chaki akawa mkalimani wa shirika moja. Tulikaa muhula mzima bila hesabu. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, kwani alikuwa na watoto sita. Lakini kuna wenzangu wa darasa lile ambao hesabu iliwatoka siku hiyo, haikuwarudia tena.

Miti iliisha. Mama alizoea kuokota kuni nyuma ya nyumba. Kufikia 1996 alikuwa anatoka kabla ya jua na kurudi saa sita mchana.

Desemba mwaka huo serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kuisha. Wengine walijaribu kukimbilia porini, wakageuzwa. Nilisimama kando ya lami nikiwatazama wakipita kuelekea Rusumo, godoro kichwani, mtoto mgongoni, kuku chini ya kwapa. Msichana mmoja tuliyekuwa tukiuziana naye karanga alinipungia mkono bila kusimama. Kabla ya Krismasi mji ule ulikuwa umehama. Kaka akarudi na madebe yake ya mafuta ya mgawo, akatengeneza mlango wa banda, tukadhani amerudi kabisa.

Alikaa miezi mitano. Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, huku juu usiku kimya sana." Akashuka. Kambi ilikuwa imeondoka lakini barabara ilibaki, na malori ya kwenda Kigali yalihitaji mahali pa kulala. Akafungua kibanda cha chai na chapati palepale Benaco. Wakamfuata binamu zetu, kisha watoto wao. Wengine walikwenda Kabanga mpakani, wengine Nyakanazi kule Biharamulo, njia zinapokutana.

Sensa ya 2002, Lukole ikiwa ingalipo, ilihesabu zaidi ya watu 334,000 wilayani Ngara. Ya 2012 ilihesabu 320,000 na ushei. Mtu akisoma hapo ataona tumepungua kidogo tu. Mimi nahesabu kwa namna nyingine. Kwenye kilima chetu, nyumba tisa kati ya kwetu na kisimani, nne zina bibi na wajukuu tu. Palizi walikuwa wakifanya vibarua kutoka Burundi. Ilipokuja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu mwaka 2013, hata wao wakaondoka, na msimu ule nililiona shamba la babu likiwa na magugu ya kufika kiunoni. Niliumia kama nimeona mtu wa kwetu amelala njaa.

Siku hizi kuna mwendo mwingine. Bodaboda imefupisha mlima. Mpwa wangu, mtoto wa kaka, amezaliwa barabarani na anafanya biashara barabarani, lakini kodi ya chumba imemchosha. Amemwomba mama kiwanja, ajenge juu, awe anashuka asubuhi na kupanda jioni. Si yeye peke yake. Hata watumishi ambao si wa ukoo wetu wanaulizia viwanja pembezoni mwa vijiji. Mama ameonyesha sehemu ilipokuwa migomba ya mwisho wa shamba. Nilimuuliza kama haoni uchungu kuing'oa.

"Migomba itapandwa," alisema. "Mtu akikataa kurudi, utampanda wapi?"

Mwezi uliopita mpwa alikuja na fundi kupima msingi. Alitaka pia kuubomoa ule mlango wa banda, aweke wa mbao. Mama akamwambia auache kwanza, mbuzi wameuzoea. Kisha akamfungia mkungu nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira, akauvuta mara mbili kuona kama umekaza, na kijana akashuka nao Benaco.