Swali Nililolikwepa Barazani

Nilikosa, na kosa langu lina jina: nilificha. Nilirudi safari nikawasimulia watu wa mtaani kwangu, Jomvu Kuu, nusu ya niliyoyaona. Kijana mmoja akaifuata nusu hiyo, na mamake akailipia.

Mwaka 2024 nilikwenda Montpellier, kusini mwa Ufaransa, kumtembelea binti wa ndugu yangu aliyekuwa akisoma huko. Nilikaa siku tisa, na mji ule uliniteka moyo. Jua likipungua, uwanja wa Place de la Comédie hujaa wanafunzi, wameketi makundi makundi, wakibishana na kupiga gitaa hadi usiku. Tramu za samawati zenye picha za mbayuwayu hupita kando yao. Chuo cha tiba kanuni zake ziliandikwa mwaka 1220, na hadi leo kinatoa madaktari. Jirani yake ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa 1593. Nilipoelezwa kwamba wanafunzi wa kale wa pale walisomeshwa vitabu vya Ibn Sina, nilisimama mbele ya lango lile nikaona fahari, kana kwamba nami nina haki ya kuingia. Tulikwenda hata Palavas, kilomita kama kumi hivi, tukatia miguu katika maji ya Mediterania.

Hayo ndiyo niliyoyapeleka barazani baada ya sala ya isha. Wazee walifurahia habari za Ibn Sina. Vijana walifurahia kusikia kuwa wakazi wa Montpellier hupanda tramu bure. Nikasema na ada ya vyuo vya serikali ni nafuu kuliko Uingereza. Kila neno lilikuwa kweli. Kisha mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na hao wanafunzi wanakula nini, na kwa pesa za nani?" Nikajibu, "Mikate na samaki, mzee wangu," nikarudi kwenye habari za tramu.

Jibu nilikuwa nalo. Usiku wangu wa tatu kule, binti yetu alirudi saa saba akinuka sabuni ya vyombo. Alikuwa akiosha sahani mkahawani, na sheria inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 964 tu kwa mwaka. Siku ya Alhamisi nilimwona akikunja mfuko, nikamfuata. Alisimama kwenye foleni ndefu ya wanafunzi wanaogaiwa chakula cha msaada. Aliponiona alilia. "Ami, nakuomba, usimwambie mama."

Nikaahidi. Na ahadi hiyo nikaifanya pazia. Siri yake ilikuwa njaa yake, na hiyo nilipaswa kuisitiri. Lakini gharama ya maisha ya mji haikuwa siri ya mtu. Ningeweza kuitaja bila kumtaja yeye. Sikuitaja kwa sababu nilipenda jinsi watu walivyonisikiliza, na nilijua foleni ile ingeiharibu hadithi yangu.

Katika vijana wale alikuwamo mmoja anayefanya kibarua kwenye yadi ya makontena. Hakuniuliza tena, aliona nimeshasema yote, akaazimia kwenda kusoma Ufaransa. Mamake akauza bangili zake mbili za dhahabu, alizovishwa siku ya harusi, na friji aliyokuwa akiuzia barafu za ukwaju. Pesa zikaishia kwa wakala, tafsiri za vyeti na safari za Nairobi. Viza ikakataliwa: hakuweza kuonyesha pesa za kujikimu. Kiwango wakati huo kilikuwa euro 615 kwa mwezi, yaani euro 7,380 kwa mwaka, kama shilingi milioni moja za Kenya. Tarakimu hiyo binti yetu alinitajia jikoni kwake, na nilirudi nayo hadi Jomvu Kuu bila kumpa mtu.

Nilikwenda kwa mama yule nikamweleza yote. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, ungetuambia tungejipanga. Sisi si watoto." Hakuniambia zaidi. Nimeanza kumlipa kidogo kidogo. Friji imerudi, bangili zilikwisha kuyeyushwa, na hizo siwezi kuzirudisha.

Binti yetu amemaliza masomo, mamake anajua, na binti mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuandika haya. Sasa nayasema niliyoyameza. Mwaka 2019 Ufaransa iliwawekea wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya ada ya juu kuliko ya wenzao, ambayo mwaka huo ilikuwa euro 2,770 kwa shahada ya kwanza na 3,770 kwa uzamili. Vyuo vingine husamehe tofauti hiyo, kwa hiyo ulizeni chuo chenyewe kabla ya kumlipa wakala hata shilingi. Montpellier ni mji mzuri, na sijutii kuusifu. Anayetaka kwenda na aende, ila aende akijua bei ya chumba, bei ya mkate na saa za kazi.

Nawe unayerudi kutoka Ulaya, Ghuba au Marekani, wanaokusikiliza wanauza vitu vyao kwa maneno yako. Ukiulizwa huko watu wanakula nini, jibu.