Ndege Isiyopakwa Rangi

Mtu anayetengeneza mfano wa kitu hulazimika kukitazama kuliko hata mwenye kitu chenyewe. Rubani hana haja ya kujua mkia wa ndege yake umekatwa kwa pembe gani. Anayeuchonga mkia huo kwa kisu hana budi kujua. Ndiyo maana naamini kuwa ufundi huu mdogo, ambao wengi huuhesabu kuwa mchezo wa watoto, unaweza kumfunza mtu mzima jambo.

Hapa Mitundu watoto wamekuwa wakiunda magari na ndege za mabua tangu zamani. Mtama ukishavunwa, bua humenywa. Ganda lake huwa fito, moyo wake mweupe huwa mwili, na mwiba huwa msumari. Magurudumu hukatwa katika kandambili iliyochakaa. Nami nilipotaka kuunda ndege ya kivita nilianzia hapo hapo, maana moyo wa bua ni mwepesi na unakubali kisu. Niliichagua MiG-21, kwa sababu katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 ndizo ndege zilizotajwa sana.

Mabawa yake, ncha hadi ncha, ni mita 7.15. Nilichukua kipimo cha moja kwa ishirini, yaani sentimita moja ya mfano isimame badala ya sentimita ishirini za ndege. Kwa hiyo mabawa yangu yakawa sentimita 36 kasoro kidogo. Hesabu hiyo humshangaza mtu. Ndege iliyoweza kukimbia mara mbili ya mwendo wa sauti ilikuwa na mabawa mafupi kuliko basi linalopita hapa kwenda Itigi.

Mchoro nilioupata ulikuwa wa MiG-21 za mwanzo, zile zilizoingia kazini mwaka 1959, nazo zilikuwa nyembamba mgongoni. Za miaka ya 1970 zilinenepa mgongo na kupanuka mkia. Ikanibidi niibadilishe ndege kabla haijakauka gundi: nikabandika moyo wa bua juu ya mgongo, nikaupiga msasa mpaka ukashikana na mwili, kisha nikakata mkia mwingine katika kopo la mafuta ya kula. Puani mwa ndege hii kuna tundu la kuvutia hewa, na katikati ya tundu imechomoza pia. Hiyo niliichonga kwa mninga, ili uzito wake uikalishe ndege juu ya gurudumu la mbele. Kioo cha rubani nilikitoa kwenye chupa ya plastiki, nikaipasha moto juu ya kalibu ya mti mpaka ikashika umbo.

Ikabaki rangi. Hapo ndipo kazi iliposimama kwa siku nyingi, wala si kwa kukosa rangi.

Jeshi la Idi Amin lilikuwa na MiG-21, na jeshi letu lilikuwa na MiG-21. Zote zilibuniwa katika nchi moja, Urusi ya Kisovieti. Pua ni ile ile, mabawa ya pembetatu ni yale yale, na nadhani hata ngurumo ilikuwa moja. Mfano wangu, kabla ya rangi, ungeweza kuwa wa upande wowote. Kazi ya majuma mengi haikusema ni ya nani. Jambo hilo lingesemwa na brashi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Wakati huo alifika mzee mmoja wa hapa kijijini, aliyepigana vita vile kwa miguu. Nilimwamkia, nikamkaribisha kigoda. Akaishika ndege, akaigeuza tumbo juu, akakaa nayo kimya. Kisha akauliza, "Mwalimu, hii ya kwetu au ya kwao?"

"Bado sijaipaka, mzee."

"Basi ndivyo tulivyoziona sisi tuliokuwa chini," akasema. "Zote zilikuwa hazijapakwa."

Maneno yale yalinirudisha kwenye habari ya Musoma. Mwalimu Nyerere alitangaza vita tarehe 2 Novemba 1978. Katika siku hizo za mwanzo ndege tatu za Tanzania zilitunguliwa huko na askari wa upande wetu wenyewe, waliozidhani ni za adui. Zamani nilipoisikia habari hiyo nilijiuliza, mtu aliwezaje kuipiga ndege ya kwao? Sasa, nikiwa nimeishika ndege yenyewe mkononi, naona swali langu lilikuwa la mtu aliyekaa mbali. Askari wale walikuwa na nukta chache za kuamua, na juu yao umbo moja lenye wenyewe wawili.

Walio juu nao hawakuona vizuri zaidi. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga mji wa Mwanza, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala.

Huwa tunasema kwamba vita humfahamisha mtu adui yake. Mimi baada ya kazi hii nina shaka. Kwa kadiri ninavyoona, vita huwapa watu vyombo vinavyofanana, kisha huwadai watofautishe kwa alama isiyofika ukubwa wa mlango, inayopita mbinguni kwa kasi ya kutisha. Waliokufa Musoma walikufa ndani ya nafasi hiyo, kati ya umbo na alama. Hawakukosa ushujaa, na sidhani kwamba waliowapiga walikosa upendo wa nchi.

Mwishowe niliipaka. Juu ya mabawa na mkiani niliweka rangi za bendera yetu, kwa kuwa mimi ni Mtanzania na sikuona sababu ya kujificha. Chini nimeacha rangi ya bati tupu. Watoto huniuliza kwa nini sikumaliza, nami hujibu kwamba nimemaliza. Na akija mgeni wa kuuliza ni ndege ya nani, humwomba kwanza aitazame kutoka chini.