Jumapili za Uhuru Park

Makongeni ya utoto wangu ilikuwa mtaa wa watu wa reli, na mshahara wa reli ulikuwa umeshapangiwa kazi kabla haujaingia mfukoni: unga, karo, pesa za kutuma nyumbani mashambani. Starehe haikuwa na fungu lake. Hata hivyo, Krismasi na Pasaka, na Jumapili yoyote ambayo mama aliamka na furaha zake, tulipelekwa Uhuru Park. Sababu ilikuwa moja, na watu wazima hawakuwa na haja ya kuitaja: kuingia kulikuwa bure.

Tulikwenda kwa miguu. Tuliifuata Jogoo Road mpaka City Stadium, tukashika Landhies Road, tukapita Muthurwa, tukaingia Haile Selassie Avenue hadi tukaiona Uhuru Highway na nyasi zile ng'ambo ya barabara. Nauli iliwekwa kwa ajili ya kurudi, maana mtoto aliyechoka habebeki. Tulikuwa tumepakwa mafuta tukang'aa, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini, na mama amebeba kikapu chenye chapati zilizofungwa kwa kitambaa, chai ya chupa, na juisi ya Treetop iliyozimuliwa kwa maji mpaka ikabaki rangi tu. Chakula cha kununua huko tulikiangalia kwa macho. Aiskrimu ilikuwa ya mara moja, na ilikuwa ya mwisho, kusudi ahadi yake itutulize mchana kutwa.

Bustani ile ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwezi wa Mei 1969. Ina eneo la ekari zaidi ya 30, katikati kabisa ya Nairobi, upande mmoja majengo ya mji na upande mwingine mwinuko wa kwenda Upper Hill. Kwa mtoto, ramani yake ilikuwa nyepesi: ziwa la boti, bembea, na kilima cha kujibiringisha. Ziwa lenyewe si ziwa, ni bwawa la kuchimbwa, lakini baba alipokamata makasia, sisi tulijiona tuko Kisumu. Foleni ya boti ilikuwa ndefu na muda wa kupiga makasia ulikuwa mfupi, na mwenye boti alikuwa na sauti ya kuwaita waliopitiliza ambayo hata waliokuwa kando ya barabara waliisikia. Wakubwa nao walicheza. Nimemwona mwanamume wa makamo, mwenye tai, akijibiringisha kilimani na watoto wake, na hakuna aliyemcheka.

Halafu kulikuwa na mpiga picha. Huyu alitembea na kamera shingoni na kitabu cha risiti mfukoni, na alikuwa na madaraka kuliko baba. Alitupanga: wadogo mbele, mikono kando, mama akae kwenye nyasi na mguu mmoja aukunje, jengo la KICC lionekane nyuma juu ya kichwa cha baba. Akiona mtu kafumba jicho, anasimamisha kila kitu. Ulilipa nusu, ukaandikiwa risiti, ukarudi Jumapili nyingine kuchukua picha au ukaongeza bei ya stempu akakutumia kwa posta. Barua ikifika, picha ilizungushwa mtaa mzima. Ninayo moja hadi leo. Rangi imegeuka kahawia, ndugu yangu amekunja uso kwa jua, na nyuma yetu kuna watu wengi sana tusiowajua, wamelala, wanakula, wanachana nywele. Nikiiangalia sasa, hao wageni ndio wanaonivutia kuliko sisi tuliopangwa.

Mwaka 1989 ikasikika kwamba chama tawala, KANU, kupitia Kenya Times Media Trust, kinataka kujenga ndani ya bustani ile jumba la ghorofa 60, refu kuliko yote Afrika, na sanamu ya Rais Moi mbele yake. Nisidanganye: pale kwetu wapo waliofurahi. Baba alikuwa mmoja wao. Alisema mji mkubwa hutambulikana kwa majumba, na jirani yake, aliyekuwa fundi wa mabehewa, akamjibu kwa swali: Jumapili watoto watapelekwa wapi, waende kupanda lifti? Baba hakuwa na jibu ila hakukubali. Aliyekataa kwa sauti ya kusikika ulimwenguni alikuwa Wangari Maathai. Aliandika barua kwa kila mtu aliyedhani ana mamlaka, ndani na nje ya nchi, akaenda mahakamani, akashindwa huko. Bungeni akatukanwa na kudhihakiwa kwa kuwa ameachika. Ila wafadhili wa nje waliotarajiwa kutoa pesa walizisoma hizo barua, wakarudi nyuma, na mradi ukafa. Watu wengi wanamkumbuka Wangari kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004. Mimi kila nikiona mtoto anajibiringisha kwenye kilima kile, ninamkumbuka kwa hilo la 1989.

Miaka iliyofuata haikuwa ya watoto. Mwisho wa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kugoma kula kwenye kona ya bustani hiyo, na siku chache baadaye polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, nao akina mama wakahamia kanisa la All Saints. Kuanzia hapo jina la Uhuru Park likawa la habari za saa moja jioni. Nyasi zikakonda, boti zikachakaa, na wazazi wakaanza kuambizana kwamba kule kuna wakora wa kunyang'anya mikoba. Mama alituzuia. Tulikuwa tumekua pia, na kijana wa sekondari hataki kuonekana na mama yake kwenye nyasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujana wangu nililiona eneo lile kupitia dirisha la matatu.

Nilirudi tarehe 30 Desemba 2002, Mwai Kibaki alipoapishwa. Umati ulikuwa umeujaza mwinuko wote, watu wamepanda miti, na nilipotafuta mahali pa kusimama nikajikuta karibu na sehemu tuliyokuwa tukitandika leso. Tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipotiwa saini papo hapo, nilikwenda tena, safari hii na binti yangu kifunguamimba mgongoni, ambaye hakuelewa lolote isipokuwa bendera.

Ndiye aliyenirudisha kwenye bembea. Alipofika umri wa kukimbia, kama 2012 hivi, tukaanza kwenda Jumapili baada ya kanisa, na nikakuta bustani nyingine ndani ya ile ya zamani. Ziwa lilikuwepo na boti zilikuwepo, lakini nyasi zote za kando zilikuwa zimekuwa soko la michezo. Kulikuwa na ngamia na farasi wa kupandwa, wachora nyuso waliogeuza watoto chui na vipepeo, vijigari vya betri, na yale makasri ya plastiki ya kurukia yanayopulizwa na mashine inayonguruma. Kila kasri lilikuwa na kijana wake mwenye filimbi. Mbele yake rundo la viatu vidogo, na kazi yake kubwa, kuliko hata kukusanya hela, ilikuwa kukumbuka kiatu kipi ni cha nani na mtoto yupi ameingia saa ngapi. Hakuwa na saa ya ukutani wala daftari. Akipuliza filimbi na kunyoosha kidole, mtoto aliyemnyooshea alijua kabisa muda wake umekwisha, akaanza kulia kabla hajafika mlangoni. Mzazi naye akishikwa na huruma, ananunua zamu nyingine. Nilimwambia kijana mmoja kwamba filimbi yake ina faida kuliko kasri. Akacheka. "Mama, hawa watoto ndio wananilipia chuo."

Mabadiliko yalikuwa hapo. Sisi tulikwenda kukaa, watoto wangu walikwenda kutumia. Mama yangu alitoka nyumbani na kikapu, mimi nilitoka na pesa ndogo ndogo, na kila mchezo uliponunuliwa, mwingine ulionekana kwa mbali. Silalamiki sana, maana vijana wale walikuwa wakipata riziki halali, na bado mzazi asiye na kitu aliweza kuja, akatandika leso, akawaacha watoto wake wajibiringishe bure karibu na wale wanaolipa. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mpiga picha naye alikuwepo bado, lakini sasa amebeba mashine ndogo ya kuchapisha papo kwa papo, na hata hivyo anahangaika kutafuta mteja, kwa kuwa kila baba ameinua simu yake. Picha tulizopiga siku hizo ni nyingi mno, na zote ni za nyuso zetu tu. Watu wa nyuma hawamo.

Kisha yakaja majumba makubwa ya biashara. Two Rivers lilipofunguliwa 2017 kwenye njia ya Limuru, na gurudumu lake kubwa la kubebea watu juu, watoto wa Nairobi hawakuzungumza jambo lingine shuleni. Nasi tulianza kuzunguka sehemu kama hizo. Katika mojawapo, ambayo sitaitaja, unanunua kadi, unaijaza pesa, na mashine inakula kadi bila filimbi wala kidole. Kitu kibaya zaidi ni kwamba salio lililobaki halirudishwi, wala halitoshi mchezo wowote, kwa hiyo unaongeza. Usafi wake ni wa kusifiwa, vyoo vinanukia, mlinzi amesimama kila pembe, mvua ikinyesha hamlowi. Mzazi mwenye mtoto mchanga huyathamini hayo, nami niliyathamini. Lakini chakula cha nyumbani hakiruhusiwi, na pa kukaa bila kununua chochote hapapo. Mama yangu tulimpeleka mara moja. Alikaa kwenye kiti cha mkahawa na mkoba mapajani, akaulizwa na mhudumu ataagiza nini, akasema, "Nangoja wajukuu." Baada ya muda akaulizwa tena. Akaniambia turudi nyumbani.

Mwaka 2021 Uhuru Park ikafungwa kwa ukarabati, ikazungushiwa mabati. Waliotoa uamuzi walihesabu njia, miti na mabomba. Mimi nilihesabu kitindamimba wangu, aliyezaliwa 2018. Mtu mzima akisikia bustani imefungwa miaka michache, anaona si neno, atasubiri. Kwa mtoto wa miaka mitatu, huo ndio umri wote wa bembea. Alipokuwa mwepesi wa kurushwa juu na kudakwa, bustani ya bure ya mji wake ilikuwa nyuma ya bati, akabaki na barabara ya mtaa na kadi ya kujazwa. Wenzake wa Makongeni na Kaloleni hawakuwa hata na hiyo kadi.

Sasa imefunguliwa, tumekwenda, na ni nzuri. Njia zimetandazwa, maua yamepandwa, ziwa limesafishwa, kuna viwanja vya watoto vyenye vifaa visivyochubua, na malango na uzio pande zote. Kifunguamimba, ambaye sasa ni msichana wa sekondari, alikaa pembeni na simu yake, kama nilivyofanya mimi kwa dirisha la matatu. Mdogo wake alikimbilia bembea na kuikuta foleni, akajifunza kusubiri zamu kwa watoto wasiojuana naye, wanaosema Kiswahili cha kila upande wa mji. Mama alikuja na kikapu. Alitandika leso, akavua viatu, akafungua chapati, na hakuna aliyemuuliza ataagiza nini. Alitafuta mpiga picha kwa macho, hakumwona karibu, akamwomba kijana aliyekuwa akipita atupige kwa simu. Kijana akauliza kama asogee ili tuwe peke yetu kwenye picha. Nikamwambia aache hivyo hivyo, na watu wa nyuma waingie.

Uzio haunisumbui ukiwa na malango yaliyo wazi. Nimesikia mara nyingi, hapa mjini, hoja kwamba kitu kizuri kikiwa bure kitaharibika, kwa hiyo kitozwe kidogo tu, shilingi hamsini, mia, ili watu wakiheshimu. Anayesema hivyo hajawahi kutoka Makongeni na watoto wanne. Shilingi mia mara sita, na nauli, na aiskrimu, ni unga wa wiki. Wakati wa ghorofa 60 tulikuwa karibu kuupoteza uwanja ule kwa mpigo mmoja, na tungeona wazi unavyoondoka. Tozo ndogo ndogo zitawatoa watu walewale bila barua ya Wangari yeyote kuandikwa. Mchezo wa kulipia uwepo, kijana wa filimbi arudi na kasri lake apate karo, ila lango libaki bila karani.

Na wewe mzazi, usingoje Krismasi, siku hiyo hapakanyagiki. Nenda Jumapili ya kawaida, fika kabla ya saa nne asubuhi foleni ya bembea haijaanza, beba maji, kofia na leso kubwa. Ukiwa na mzee nyumbani, mchukue.