Kiwambo Cheusi na Dhana Yangu

Usiku ule nilikaa mbele ya kipakatalishi changu kama mtu abishaye hodi asiitikiwe. Taa ndogo ya ubavuni iliwaka, feni ilivuma, lakini kiwambo kilikuwa cheusi ti.

Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu: dakika 47 akinisimulia nasaba yetu na siku aliyoolewa. Nilimrekodi mwaka mmoja kabla hajafariki, na nakala nyingine sikuwa nayo.

Sikuchunguza lolote. Nilimwita mwanangu wa miaka 12, aliyekuwa amekitumia alasiri kwa kazi ya shule.

"Umekifanya nini?"

"Sikukifanya kitu, Mama. Nilikizima nikakifunika."

Sikumsadiki. Nilimtamkia maneno ambayo sitayaandika hapa, naye akaenda kulala bila ya kula.

Asubuhi nilikipeleka kwa fundi. Alikiwasha mara mbili, akasema dawa ni kuifuta diski na kuweka programu upya. Na vilivyomo? Vitapotea vyote, alinijibu. Ulimi ulikuwa tayari kusema "haya", moyo ukakataa. Nikakikwapua, nikaenda nacho kwa binti wa dada yangu, anayesomea mambo ya kompyuta.

"Halati," aliniambia, "mashine inayovuma bila ya kuonyesha kitu haituambii kwamba diski ndiyo mbovu. Tuanze na lililo jepesi, na tusifute chochote."

Kwanza aliuchomoa waya wa umeme na kila kilichochomekwa, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliosalia ndani uishe, kisha akaunganisha upya na kuwasha. Bado. Pili alizima taa ya chumbani, akamulika kiwambo kwa tochi kutoka ubavuni; kama taa ya kiwambo ndiyo iliyokufa, picha hafifu ingeonekana. Hapakuwa na picha. Tatu alikiunganisha na televisheni. Huko nako giza. Basi kiwambo hakikuwa na kosa.

Hapo alikizima, akafungua mfuniko wa chini na kutenganisha betri. Akanionyesha kibao chembamba cha kumbukumbu, chenye meno ya rangi ya dhahabu. Meno yalikuwa yamefifia. Hewa yetu ya pwani, kwa chumvi na unyevu wake, haivihurumii vyuma. Aliyasugua taratibu kwa raba ya penseli, akapangusa vumbi, akakirudisha kibao mahali pake mpaka kikalia ta.

"Kibao hiki, Halati, ni meza ya kufanyia kazi. Diski ndiyo sanduku. Meza ikiyumba, vilivyo sandukuni vi salama."

Akasema bismillahi, akabonyeza. Kiwambo kikakaa kimya kwa muda uliotosha kunikausha koo, kisha kikang'aa.

Niliposikia sauti ya mama, nililia. Lakini sikulia kwa furaha peke yake. Nilikumbuka sahani ya mwanangu iliyobaki imefunikwa mezani. Binti yule alikuwa ameipa mashine haki ambayo mimi sikumpa mtoto wangu: aliiuliza jambo moja baada ya jingine, akalisikiliza kila jibu kabla ya kutoa hukumu. Mimi nilianza na hukumu. Tunafunzwa tangu chuoni kujiepusha na dhana mbaya, tukaidhania kuwa ni maonyo ya barazani na majirani, tukasahau kwamba watoto wetu nao wana heshima ya kulindwa.

Aliporudi kutoka shule nilimwomba radhi kabla ya kumweleza kilichoharibika. Alinitazama kwa mshangao, akasema, "Nimekusamehe, Mama," kisha akauliza kama chakula kipo.

Dada zangu, sauti ya mama sasa ina makao matatu: kipakatalishini, kwenye diski ya nje iliyoko kwa kaka yangu, na katika hifadhi ya intaneti. Nanyi mkiwa na sauti au picha za wazee wenu, zinakilini wiki hii. Na siku mashine itakapowazimikia, mtu asiwashawishi kufuta kabla ya kuchunguza.

Jioni ile mwanangu aliomba kumsikiliza bibi yake. Tulikaa sote wawili, dakika zote 47.