Mwamba na Udongo Laini

Mwaka jana, baada ya kuweka akiba kwa miaka sita, niliazimu kujenga nyumba kwetu Subukia. Mimi ni karani, mtu wa hesabu. Basi nikachagua bondeni karibu na barabara, ambako udongo ni laini na kuchimba msingi si kazi. Baba mkubwa akakataa. "Mwanangu," alisema, "jenga kule juu penye mwamba. Wazee wetu waliiona nchi ikitetemeka." Nilinyamaza kwa heshima, lakini moyoni niliona ni maneno ya kizee, maana gharama ya kupasua mawe ilinitisha.

Hata hivyo nilitafuta habari. Ni kweli kwamba tarehe 6 Januari 1928 palitokea tetemeko la kipimo cha 6.9 papa hapa Subukia, na ardhi ikapasuka. Nilisoma pia habari za Mexico City ya mwaka 1985. Chanzo cha tetemeko lile kilikuwa pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji huo, lakini maelfu ya watu walikufa. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Wimbi la tetemeko likitoka katika mwamba na kuingia katika udongo laini hupunguza mwendo na kukua kimo. Majengo ya tope lile yaliporomoka; yale yaliyosimama penye ardhi ngumu yalipata hasara ndogo.

Je, mwamba hauna madhara? La. Mwaka 2011 tetemeko la kipimo cha 5.8 katika Virginia, Marekani, lilitia nyufa mnara wa Washington, kilomita 130 hivi kutoka hapo. Mwamba wa upande ule ni wa kale, mgumu na baridi, nao hupeleka mtikisiko mbali, kama reli ipelekavyo mlio wa gari la moshi. Katika California, ambako miamba imevunjikavunjika, mtikisiko hufifia upesi. Kwa hiyo mwamba huileta habari, bali udongo laini ndio uikuzao.

Nilirudi kwa baba mkubwa nikamwomba radhi. Nyumba yangu sasa itakuwa na vyumba viwili badala ya vinne, lakini itasimama juu ya mwamba, na kuta zake zitafungwa kwa vyuma. Ndugu msomaji, kabla hujahesabu mabati, uliza kwanza nini kiko chini ya miguu yako.