Sentimita 47

Januari 2024 nililipwa kuandika kuhusu mbwa ambaye sijawahi kumwona. Mteja alikuwa Manchester, ana tovuti ya wanyama, na alitaka maneno 1,500 kuhusu sheria mpya ya XL Bully. Kazi kama hizo ndizo zimenilipia kodi tangu niache chuo. Naandikia Zimmerman, pesa inaingia, jina langu halionekani popote.

Niliisoma ile sheria mpaka nikaijua kama PIN yangu ya M-Pesa. England na Wales, tangu tarehe 31 Desemba 2023, XL Bully hatoki nje bila kamba na kifunga mdomo. Hauzwi, hazalishwi, hapeanwi. Kuanzia tarehe 1 Februari, kumfuga bila cheti ni kosa. Cheti kilikuwa pauni 92.40, na juu yake mbwa ahasiwe, awekwe chipu, akatiwe bima. Wakati huo, ukiona huwezi, daktari alikuwa anamlaza milele na serikali ilikuwa inakufidia pauni 200.

Kilichonishika ni vile wanavyomtambua. Hawaulizi wazazi wake ni nani. Wanamwangalia na kumpima. Dume akifika sentimita 51 begani, na awe na kile kichwa kipana na kile kifua, anahesabiwa XL Bully hata ukiapa ni mchanganyiko.

Githeri alikuwa amelala juu ya miguu yangu. Ni mbwa koko niliyemwokota akiwa mdogo karibu na soko, na nilimpa jina hilo kwa sababu rangi zake ni za kila aina kwenye sufuria moja. Nilichukua futi nikampima. Sentimita 47. Nikamwambia, "Umepona, boss."

Wiki hiyo hiyo keateka alibandika karatasi getini: MBWA WAKALI HAWARUHUSIWI. Ploti nzima ilikuwa na mbwa mmoja.

Nikamfuata. "Baba Kevo, Githeri hajawahi kuuma mtu."

"Kijana, watu wanasema huyo ni pitibuli. Angalia kichwa."

Landilodi mwenyewe anafuga German Shepherd wawili kwake, na wale wanaruka geti. Lakini kwenye ploti sheria ni landilodi, na hana futi. Nilirudi kwa nyumba nikaanza kuandika utetezi wangu kama naandikia mteja: urefu, uzito, tabia, hata mfano wa Uingereza, ambako pitibuli amepigwa marufuku tangu 1991 na watu bado wanabishana kama aina ya mbwa ndiyo shida.

Nilikuwa nimeanza kujiona wakili nilipokutana na Mama Shiru kwa ngazi. Shiru alikuwa amejificha nyuma ya leso yake.

"Baba Githeri," akaniita, vile ploti yote ilikuwa inaniita, "huyo mbwa amechanjwa?"

Nilinyamaza. Nilikuwa na mbwa huyo mwaka mmoja na nusu. Nilijua bei ya cheti cha Manchester hadi senti ya mwisho, na sikuwa nimewahi kumpeleka Githeri kudungwa sindano.

Mama Shiru hakunipigia kelele. Aliniambia tu kwamba kwao Makueni kuna mtoto wa jirani aliumwa na mbwa wa nyumbani, mbwa mpole, kidonda kidogo tu. Wakakiosha, wakasahau. Baadaye mtoto akaanza kuogopa maji. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Chanjo ya mbwa ingekizuia.

Kesho yake tulitembea hadi kwa daktari wa mifugo, kwa sababu hakuna boda aliyekubali kutubeba. Bei ilikuwa chini ya intaneti yangu ya mwezi. Kwenye kadi, mahali pa aina, daktari aliandika "mchanganyiko" bila hata kuinua macho, kisha akaandika tarehe ya sindano ya mwaka ujao na kuipigia mstari.

Mama Shiru aliisoma kadi mbele na nyuma. Halafu akamwachilia Shiru mkono. Mtoto aligusa sikio la Githeri kwa kidole kimoja, akakimbia akicheka.

Landilodi hakuisoma. Alisema karatasi ya getini haijabadilika, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana. Mwisho wa Februari tulihamia Kimbo, nyumba ya mabati yenye ua, mbali na stesheni, na mtandao wake ni wa kuombea. Mteja wa Manchester alilipa kwa wakati na akasifu utafiti wangu.

Siku ya kwanza jirani mpya alisimama uani, akamwangalia Githeri kichwa.

"Huyu ni aina gani?"

"Mchanganyiko," nikamwambia. "Lakini amechanjwa. Ngoja nikuletee kadi."